Bunduki ya Tani 18.5

Katika ukoo wetu kila mtu anajua bunduki ya Babu ilikotoka, na hakuna wawili wanaosema jambo moja. Baba Mkubwa anasema baba yake Babu aliiteka kwa Mjerumani kwenye vita vya Tanga. Shangazi anasema Babu alipewa na gavana. Gavana yupi hakumbuki, na ukimbana sana atakuambia wewe mtoto wa juzi, magavana umewaonea wapi. Bibi, aliyelala chumba kimoja na hiyo bunduki karibu maisha yake yote ya ndoa, hakuna aliyemwuliza.

Hadithi hizo zingeendelea kutuburudisha kwenye arusi na matanga lau Babu asingefariki akiwa na leseni. Mbuzi wa marehemu hugawanywa, shamba hugawanywa, hata koti hupata mtu wa kulivaa. Bunduki haigawanywi. Inapelekwa polisi, inakaa huko, na anayetaka kuirithi anaanza moja kuomba leseni yake mwenyewe. Na fomu inauliza mambo ambayo matanga hayana majibu yake: aina ya silaha, mtengenezaji, kaliba, namba.

Ukoo ukakaa kikao. Mrithi alikuwa Baba Mkubwa, jambo lisilo na ubishi, lakini kazi ya kujaza fomu nikatwishwa mimi. Si kwamba najua bunduki. Nilikuwa sijawahi kushika hata gobore. Ni kwa sababu navaa miwani, na riziki yangu naipata kwa kusahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji mjini. "Wewe kazi yako ni kusoma herufi ndogo," Baba Mkubwa alisema, "na ile bunduki imejaa herufi ndogo." Wajumbe wakaitikia, kikao kikafungwa kwa dua.

Kijitabu cha leseni cha mwaka 1962 kilikuwepo, ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Aina: ya kuwindia. Kaliba: .303. Namba: 2222. Ofisini kwetu tarakimu nne zinazofanana zikifuatana namna hiyo huwa ni kidole cha mchapaji kimenata, lakini siku hiyo nilikuwa likizo.

Kituoni tulipokewa na Afande mmoja kijana, mpole, mwenye subira ya mtu aliyezoea kutafuta mafaili. Alitutolea bunduki ghalani, akailaza kwenye meza ya barazani, akakaa kando yake. Sharti lake lilikuwa moja: isitoke mezani. Nikavua saa, nikainama kusoma, na sikuona hata herufi moja.

Babu aliipaka bunduki yake mafuta ya nyonyo kila Ijumaa baada ya swala, na kila Ijumaa mafuta ya Ijumaa iliyopita yalikuwa bado yapo. Mafuta ya nyonyo yakikauka huwa gundi, na gundi ikipata vumbi la Handeni huwa ngozi. Chuma chote kilikuwa kimevaa ngozi hiyo. Afande akaridhia niisugue kwa mafuta ya taa na mswaki. Baba Mkubwa, aliyekuja na koti la suti kwa heshima ya marehemu, akasimama nyuma yangu kuhakikisha siifuti historia.

Kwanza likajitokeza taji. Chini yake, herufi mbili: G na R.

"German!" Baba Mkubwa akapiga kofi meza. "Si nilisema?"

"Baba Mkubwa, hilo ni taji la Mwingereza. GR ni Mfalme George, yule wa Tano."

"Kwani Kaizari alikuwa anavaa baragashia?"

Hoja ilikuwa na uzito wake. Nikaendelea kusugua. Zikafuata herufi B.S.A. Co., kisha mwaka 1917, kisha SHT. L.E., na mwisho tarakimu tatu za Kirumi zenye kinyota mgongoni. Afande akainuka kitini kwa furaha. "Hii naijua," akasema. "Baiskeli."

Na hakukosea. B.S.A. ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa Birmingham, ambayo oda za majeshi zilipopungua ikageukia kutengeneza baiskeli, na baadaye pikipiki. Nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana. Babu alikuwa na baiskeli ya B.S.A. inayoning'inia stoo mpaka leo, na nembo hiyo ipo palepale mbele, chini ya usukani. Wajukuu wote tumeshaikwangua kwa kucha bila kujiuliza baiskeli na bunduki vina undugu gani. Nikalieleza jambo hilo kwa shauku. Baba Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia Afande kwamba yeye amekuja kurithi silaha, na kama ni baiskeli angebaki nyumbani.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ule mwaka. Vita vya Tanga vilipiganwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Na kama baba yake Babu angepora bunduki ya askari wa Mjerumani siku ile, uwezekano mkubwa angepora Mauser ya mfano wa mwaka 1871, kwa maana kombania nyingi za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, zilikuwa bado zinatumia hiyo: inameza risasi moja, inatema wingu la moshi wa baruti nyeusi, na adui anajua hasa ulipojificha. Hii ya mezani ilikuwa na magazini ya risasi kumi na taji la Uingereza.

Baba Mkubwa hakuyumba. Akakumbusha, na hapa alikuwa sahihi kabisa, kwamba siku ile Waingereza na vikosi vyao kutoka India walikimbilia meli huku nyuki wakiwafuata, wakaacha mamia ya bunduki na malaki ya risasi ufukweni. Kwa hiyo ni ya Mwingereza, sawa, lakini Mjerumani aliiokota kwanza, ndipo babu yake akamnyang'anya Mjerumani.

"Lakini imetengenezwa 1917. Vita ni 1914."

"Mwaka si hoja," akasema. "Mimi cheti changu cha kuzaliwa kinasema 1958, na nyote mnajua siku TANU inazaliwa nilikuwa tayari natembea."

Afande akaandika kitu. Sijui alikuwa anaandika bunduki au cheti.

Hata kile kinyota kilikuwa shahidi dhidi yetu. Bunduki hii kwa jina la jeshini ni Lee-Enfield fupi, ya toleo la III. Kinyota kilianza kuonekana mwaka 1916, pale vita vilipokuwa vinakula bunduki kuliko viwanda vinavyoweza kuzaa, ikabidi vipunguzwe vikorokoro ambavyo askari anaweza kuishi bila kuwa navyo, kama lile bamba la kufungia magazini ili apige risasi moja moja. Bunduki yenye kinyota haikuwepo Tanga mwaka 1914 hata kwa dua.

Picha nilizopiga nikazipeleka kwa fundi bunduki mmoja mstaafu, mzee wa mjini aliyekuwa akitengeneza silaha za mashamba ya mkonge enzi hizo mkonge ukiitwa dhahabu. Nusu ya picha zilikuwa na dole gumba la Baba Mkubwa. Mzee alizitazama zilizobaki, akasema neno moja: "Imekatwa."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile bunduki. Lee-Enfield ya jeshini huvaa mbao toka kitakoni mpaka mdomoni mwa mtutu, juu na chini, na puani ina kofia nzito ya chuma ya kupachikia singe. Ni mzigo wa karibu kilo nne. Baada ya vita kuu vyote viwili Waingereza walibaki na bunduki kuliko askari, wakaziuza, na mafundi wakaanza kuzigeuza za kuwindia: wanatoa ile kofia ya pua, wanatupa mbao ya juu, wanaikata ya chini katikati na kuichonga ncha nzuri, wanasaga masikio yanayokinga kilengeo, wengine wanaweka magazini ya risasi tano ili isining'inie tumboni. Viwanda vya Birmingham kwenyewe vilifanya kazi hiyo, na mafundi wa vichochoroni wakaifanya pia. Mtu asiye na fedha za bunduki za kitajiri za Rigby wala Holland & Holland akapata bunduki ya kuulia nguruwe mwitu na bado akabaki na nauli.

Lakini isidhaniwe ni mambo ya wakata mkaa tu. Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, miongoni mwa silaha zake alikuwa na Springfield ya jeshi la kwao iliyovikwa mbao za kiwindaji. Niliitaja habari hiyo nyumbani wakati wa chakula, kwa nia njema kabisa, na Shangazi akaacha tonge hewani.

"Huyo Ruzveliti," akauliza, "hakuwahi kuwa gavana?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu wa prufu haachi kosa lipite, wala ukweli haufichi. Nikasema ndiyo, aliwahi kuwa gavana wa New York, kabla ya urais. Shangazi akamalizia tonge lake taratibu, akawatazama waliokuwepo mmoja mmoja. Nikajaribu kueleza kwamba bunduki yetu ilitengenezwa miaka minane baada ya safari ile. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena. Mpaka leo, kwa upande wa Shangazi, suala hilo limefungwa.

Ya Babu ilikuwa imekatwa vizuri. Ncha ya mbao yake ilikuwa ya mpingo, imeungwa kwa ufundi hata unapitisha ukucha na usisikie kitu. Mpingo ulinifanya niamini kwamba kazi hiyo ilifanyika huku kwetu, kwa mtu aliyekuwa na kipande cha mpingo karakanani na mikono isiyotetemeka. Na pale mkanda unapofungwa kitakoni, fundi huyo alikosa washa, akatumia senti tano ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, akaipitisha skrubu kwenye tundu. Nilipoisugua kwa mswaki ikatoa jina la Malkia Elizabeth na mwaka 1956. Sikutegemea kupewa tarehe na washa.

Karibu na chemba kulikuwa na mishale miwili midogo inayotazamana, ncha kwa ncha. Afande alidhani inaonyesha upande risasi inakotokea, akaona ni jambo la busara, ila akashangaa kwa nini mmoja unamwelekea mpigaji. Mshale mmoja ni muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Ikigongwa miwili kichwa kwa kichwa, maana yake serikali imekuuza. Si mali yake tena, nenda salama.

Tukafika kwenye mtutu. Hapo herufi zilikuwa ndogo kuliko zote, nikaomba tochi ya simu ya Afande. Taji jingine. Kisha .303. Kisha 2.222 na alama mbili za inchi. Kisha 18.5, na neno TONS.

"Soma kwa sauti," Baba Mkubwa akaamuru. Nikasoma.

Akanyamaza kidogo. "Tani kumi na nane na nusu," akasema polepole. "Na mzee alikuwa anaibeba begani toka Korogwe mpaka Handeni."

Kabla sijafungua mdomo picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maelezo chini yake: BUNDUKI YA MAREHEMU, TANI 18.5. Binamu yetu aliyeko Muscat akauliza kama kuna haja ya kukodi lori la kuileta nyumbani. Mke wa baba mdogo akaandika Innalillahi. Mtu mmoja, ambaye hakuna anayejua alivyoingia kundini, akauliza bei.

Huko Birmingham kuna nyumba ya kupimia bunduki iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Bunduki hupelekwa huko, hupigwa risasi iliyoshindiliwa kupita kawaida, na isipopasuka hugongwa mihuri. Ile .303 ni kaliba. Zile tani ni nguvu ya mgandamizo ndani ya chemba, kwa kila inchi ya mraba. Na 2.222, nilipolisoma hilo nikavua miwani na kuifuta kisha nikasoma upya, ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi.

Urefu wa ganda. Siyo namba ya bunduki. Mwaka 1962 karani fulani alitazama chuma kilichojaa grisi, akaona tarakimu nne zinazosomeka vizuri, akashukuru Mungu, akaziandika. Babu akalipia leseni ya urefu wa ganda, mwaka baada ya mwaka, na risiti akapewa.

Nilimweleza Afande kwa utaratibu, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na daftari kubwa la jalada jeusi, akapekua, akaweka kidole. "Kwa muda mrefu," akasema, "nina bunduki mbili zenye namba 2222. Moja yenu, nyingine ya mzee mmoja wa kata ya jirani. Nilishaandika barua juu kwamba kuna mtu anaghushi silaha." Akanitazama kwa jicho la kipolisi, la kwanza tangu tufahamiane. "Sasa wewe unaniambia bunduki zote za 303 zilizopita nyumba hiyo ya Birmingham..."

"Zimeandikwa hivyohivyo, Afande. Zilizopimwa kwa kanuni hizo, zote."

Akalifunga daftari, kisha akaenda kuufunga mlango.

Baada ya hapo tulitafuta namba ya kweli, na tukapata nyingi kuliko tulizohitaji. Kwenye mwili wa bunduki, pale mtutu unapoingia, kulikuwa na herufi moja na tarakimu zake. Kwenye mtutu, zilezile. Kwenye shina la mkono wa bolti, tarakimu nyingine kabisa. Afande akapendekeza tuchague moja tuipendayo. Nikampigia fundi wangu, naye akaja juu kwenye simu hata hakukuwa na haja ya kuweka spika: inayohesabika ni ya mwili, na bolti hiyo imetoka kwa bunduki nyingine, na mtu yeyote asithubutu kuipiga mpaka yeye mwenyewe apime nafasi iliyopo kati ya bolti na risasi, kwa sababu ikizidi ganda hupasuka, na uso wa mpigaji uko karibu. Baba Mkubwa akahesabu kimyakimya nguruwe wote ambao Babu aliwapiga na bunduki hiyo, akajishika shavu.

Kilichobaki kilikuwa kitako. Fomu ina mahali pa kuandika vifaa vinavyoambatana na silaha. Bamba la shaba la kitakoni lina kijimlango kidogo, na nyuma yake tundu ambamo askari aliweka kichupa cha shaba cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Afande, ambaye sasa alikuwa amelipenda jambo hili kuliko sisi, akakifungua kwa ncha ya kisu. Kichupa kilikuwepo. Akakifungua kizibo, akakisogeza puani ajue ni mafuta gani.

Ulikuwa ugoro.

Ugoro wa Babu ulikuwa maarufu vijiji vitatu. Aliuchanganya mwenyewe na magadi, na inaonekana kufungiwa ndani ya shaba hakukuupunguzia kitu. Afande alipiga chafya ya kwanza, kichupa kikamtoka, na upepo wa barazani ukafanya yaliyobaki. Baba Mkubwa alifuata. Mimi nikafuata, miwani ikaruka. Wananchi waliokuwa kwenye benchi wakisubiri kuandikisha malalamiko yao waliona meza yenye bunduki, askari aliyepiga magoti, na watu wanaopiga makelele wakiwa wameziba nyuso, hawakusubiri ufafanuzi. Askari wa zamu alitoka mbio, akavuta pumzi ndefu ili atoe amri, na huo ndio ukawa mwisho wa amri.

Kwenye fomu tuliandika: kichupa cha mafuta, kimoja, kitupu.

Jioni ile nikampelekea Bibi habari za ugoro, kwa kuwa nilijua Babu alikatazwa kuutumia na daktari na kwamba Bibi aliusaka nyumba nzima bila kuuona. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Alikuwa ananiambia anakwenda kusafisha bunduki," akasema. "Nami nikawa naona mume wangu ni msafi." Kisha, kwa kuwa nilikuwa tayari nimekaa na yeye alikuwa ameshafungua mdomo, nikamwuliza bunduki yenyewe ilitoka wapi.

"Kwa yule Mgiriki," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. "Meneja wa shamba la mkonge. Alikuwa anaondoka, mwaka mmoja baada ya Uhuru, na babu yako alikuwa anamdai mishahara. Hakuwa na fedha. Akampa bunduki na baiskeli, wakaenda kuandikishana bomani. Mimi nilikuwa nimeahidiwa cherehani." Akakaa kimya kidogo, hasira ya 1962 ikapita usoni mwake ikaenda zake. "Kile kipande cheusi cha mbele aliweka seremala wa shambani, Mmakonde. Ilivunjikia kwenye jipu." Alimaanisha gari la yule meneja.

Nilikuwa na daftari langu mkononi, limejaa mataji na mishale. Mtindo wa kuandika tani kwenye mtutu ulikuja na kanuni za Waingereza za mwaka 1954, kwa hiyo bunduki iliuzwa kwa raia baada ya hapo. Senti tano ni ya 1956. Leseni ni ya 1962. Kila nilichokisugua kwa mswaki kilikuwa kinasema kama Bibi, ila yeye alikuwa na mengi zaidi, na hakunuka mafuta ya taa.

"Mbona hukuwahi kusema, Bibi?"

"Kina nani wameniuliza? Baba yako mkubwa akianza na Mjerumani wake nani atamkatiza? Anasimulia vizuri."

Leseni ya Baba Mkubwa imekwama kidogo, si kwa sababu yetu, bali kwa sababu Afande alitaka kwanza kumaliza na ile 2222 ya pili. Akamwita mzee wa kata ya jirani, na akaniomba na mimi niwepo, na mswaki wangu. Mzee alikuja na bunduki amefunga kwenye kanga ya mkewe, amefuatana na wanawe wawili na ndoo ya maembe ya kupooza mambo, maana alisikia anaitwa kwa kughushi. Tukamwamkia, akaitikia, akatulia alipoona ni suala la kusoma tu. Baba Mkubwa na yeye wakapatana mara moja. Ilikuwa imeonekana kwamba bunduki zetu ni ndugu, na Baba Mkubwa akamwuliza ya kwake ilitekwa vita gani.

"Haikutekwa," mzee akasema. "Marehemu baba aliachiwa na Mjerumani wa Lushoto. Mjerumani mwenyewe kabisa, mwenye shamba la kahawa. Aliipenda sana familia yetu."

Nikaigeuza. Ilikuwa Lee-Enfield pia, ila ya namba 4, ya vita vya pili, imekatwa mbao kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Kwenye mtutu, kama nilivyotegemea, 2.222. Ubavuni kushoto, chini ya kutu kidogo, kulikuwa na maneno: U.S. PROPERTY. Hizo zilitengenezwa na Savage kule Chicopee Falls, Massachusetts, kwa ajili ya jeshi la Uingereza, wakati Marekani inawakopesha Waingereza silaha za kupigana na huyohuyo Mjerumani.

Mzee alikuwa ameinama pamoja nami, na kumbe macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Akaweka kidole juu ya herufi mbili za kwanza, uso ukang'aa.

"U.S.," akasoma. "Usambara. Si mnaona?"

Wanawe wakatikisa kichwa kwa heshima. Baba Mkubwa akanikanyaga mguu chini ya meza. Afande akafungua daftari lake jeusi kwenye ukurasa safi, akanyanyua kalamu, akanigeukia.

"Haya, mtu wa herufi ndogo," akasema. "Niandike Usambara, au nisiandike?"